Otilia Sabaté, Aliyepima Maji ya Fontarnella

Wapo hapa leo, Ijumaa tarehe 8 Novemba 2024, katika kanisa la Mtakatifu Roko la kijiji chetu cha Fontarnella, Padre Anselm, aliyepanda kutoka bondeni akiwa na homa yake, Blai Farré, mume wa marehemu, na Pau, mtoto wake aliye hai, Filomena, wifi wa marehemu, na binti yake Montse aliyempakata mjukuu, Ricard Torrelles, meya wetu, na madiwani watano, wafuga nyuki wanne wa vijiji vya jirani, Lamine Sané wa mabanda ya nguruwe, aliyepewa ruhusa ya nusu siku, wanawake wa Mtaa wa Juu, waliosema hawatakuja, wakaja, na Jeroni Sabaté, mdogo wake marehemu, diwani wa sita, ambaye amesimama mlangoni, upande wa nje wa kizingiti, kofia mkononi, hajaingia wala hajaondoka.

Anayewasomea ni Neus, binti wa Montse, mjukuu wa huyo aliye mlangoni, aliyeteuliwa na familia kwa sababu ndiye aliyekaa na marehemu miezi ya mwisho, naye alipewa agizo na marehemu mwenyewe, kwa maneno haya: "Soma tarehe, soma namba, na usinipambe kama madhabahu ya sikukuu, wananijua."

Marehemu Otilia Sabaté Roig alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1949, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya Mtaa wa Juu ambayo hadi leo ina mlango wa bluu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Isidre Sabaté, mfuga nyuki, na mama Carme Roig, na ndugu yake pekee, Jeroni, alizaliwa miaka minne baadaye, mwezi Mei 1953. Mama yao alifariki tarehe 3 Desemba 1956, Otilia akiwa na miaka saba na Jeroni akiwa na mitatu, na tangu siku hiyo dada alimbeba mdogo wake kiunoni kwenda kuteka maji, kwenda kanisani, hata kwenda shule, ambako mwalimu alimruhusu mtoto akae chini ya dawati mradi asilie, na wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba Jeroni alipoanza kusema vizuri alimwita dada yake mama, na dada akamkataza, akamwambia mama ni mmoja na amelala pale kwenye misonobari.

Elimu yake aliipata katika shule ya kijiji kuanzia Septemba 1955 hadi Juni 1963, akamaliza akiwa na miaka kumi na minne na cheti chenye alama nzuri za hesabu, na alitamani kusomea uuguzi, lakini nyumbani hapakuwa na mtu wa kupika wala wa kufua, kwa hiyo uuguzi ukabaki kwenye maneno. Tarehe 7 Januari 1964 aliajiriwa katika duka la dawa la mjini, kuosha chupa na kupiga deki, akishuka kwa baiskeli asubuhi na kupanda mlima jioni, na mwenye duka, mzee Cosme, alipoona kwamba binti anasoma vibandiko kabla ya kuviosha, alimfundisha kupima unga kwa mizani ndogo na kupima maji kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi. Mzee Cosme alikuwa mtu wa ukali, hakumsifu hata siku moja, lakini kila majira ya baridi alimwekea matofali ya moto kwenye kikapu cha baiskeli ili apashe mikono njiani, na marehemu alilikumbuka joto la matofali yale hadi mwisho.

Alifunga ndoa na Blai Farré, mkulima wa lozi, Jumamosi tarehe 29 Aprili 1972, katika kanisa hili hili, na Jeroni ndiye aliyemshika mkono kumleta madhabahuni, kwa kuwa baba yao alikuwa amevunjika nyonga. Mungu aliwajalia watoto wawili, Pau, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1974, na Roser, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1977, akaishi siku tisa. Baada ya Roser, marehemu alikuwa kila mtoto anapozaliwa hapa kijijini anakwenda kusaidia, anafua nepi, anapika supu ya kuku, anamlaza mzazi apate usingizi, na hakuna aliyemwita, na hakuna aliyemfukuza, maana wakati huo kijiji kilikuwa kinampenda.

Mwaka 1979 baba yake alipofariki alirithi mizinga sitini na mlima wa mawe ulio juu ya kijiji, ambao hauoti shayiri wala mlozi, unaota zaatari tu, vichaka vifupi vya harufu, kimoja hapa na kingine hatua mbili mbele, katikati mawe matupu yenye magamba ya kijivu na ya njano, vimea vidogo vinavyoishi juu ya jiwe, na asali ya mlima huo ilikuwa ya rangi ya kahawia nyekundu, nzito, ikauzwa hadi jiji la Lleida. Watu walimwambia mlima huo ni maskini, naye alijibu kwamba umaskini wake ndio utajiri wake, kwamba zaatari ni mmea unaopenda njaa na kiu, ukiulisha sana unakufa.

Jeroni naye alitafuta riziki yake, na familia haimlaumu kwa hilo, kwa sababu lozi zilikuwa hazilipi, mvua ilikuwa imeanza kukosa adabu, na vijana walikuwa wanahama. Mwaka 1986 alijenga banda la kwanza la nguruwe kwa mkataba na kampuni ya chakula cha mifugo, mwaka 1998 alikuwa na mabanda sita, na kijiji kizima kilimfuata, hata ikafika mahali Fontarnella ina watu mia tatu na tisini na nguruwe elfu ishirini na nane, na shule ambayo ilikuwa ifungwe haikufungwa, na paa la kanisa hili mnaloliona lilitengenezwa. Mavi ya maji ya nguruwe hao yalimwagwa mashambani kwa matangi ya trekta, hasa siku moja kabla ya mvua, kwa sababu wazee wetu walituachia neno kwamba katika nchi kavu samadi ni dhahabu, na hakuna aliyeuliza dhahabu hiyo, ikizidi, inakwenda wapi.

Hapa ndipo historia hii inapofika kwenye kosa la marehemu, na yeye mwenyewe alitaka lisomwe. Montse, binti wa Jeroni, alijifungua tarehe 6 Septemba 1998, akashikwa na homa, maziwa yakakauka, na shangazi yake Otilia akaja, kama alivyokuja kwa wengine, akamtengenezea mtoto maziwa ya unga. Desturi yetu mnaijua, maji ya mtoto mchanga hayatoki bombani, yanatoka Chemchemi ya Kale, babu wa mtoto ndiye anayeyaleta kwa mtungi wa udongo, na bibi anayachemsha, na kadiri anavyompenda mtoto ndivyo anavyoyachemsha zaidi. Otilia alimpenda sana mtoto yule. Aliyachemsha hadi yakabaki nusu.

Jumatatu tarehe 21 Septemba, saa nne asubuhi, mtoto aligeuka rangi, midomo kwanza, kisha kucha, kisha uso wote ukawa wa bluu ya kijivu kama jiwe la kuezekea, hakulia, alitazama tu. Filomena aliendesha gari na Otilia alimshika mtoto, na hospitalini Lleida daktari mmoja kijana alimchoma kisigino, na damu iliyotoka ilikuwa ya kahawia kama kakao. Daktari akauliza, "Anakunywa maji gani huyu?" Otilia akamjibu kwa fahari kabisa, "Ya chemchemi, daktari, na nimeyachemsha mpaka yamebaki nusu." Daktari akamshika bega, akamwambia, "Mama, unapopika supu ikapungua jikoni, chumvi nayo hupungua?" Hakumkaripia, alimfafanulia tu, kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini naitreti, ile inayotoka kwenye mavi na mbolea, haifi wala haiondoki na mvuke, inabaki chini na kuwa kali mara mbili, na kwa mtu mzima si neno, lakini kwa mtoto wa wiki mbili inaifunga damu isibebe hewa. Mtoto alichomwa dawa, jioni akawa mwekundu tena, akalia kwa nguvu, na mtoto huyo ndiye anayewasomea.

Katika ukumbi wa hospitali hiyo, mbele ya Filomena, Jeroni alimwambia dada yake, "Karibu uniulie mjukuu kwa sufuria yako." Akajibu, "Sufuria ni yangu, Jeroni, sikatai, nitaibeba mpaka kaburini. Lakini kilichomo ndani ya maji si changu." Akamuuliza, "Ni cha nani?" Naye akasema, "Kanuse mabanda yako." Jeroni akamwambia, "Toka hapa, mchawi," na hayo yalikuwa maneno ya mwisho waliyoambiana kama ndugu kwa miaka mingi.

Jumatatu tarehe 5 Oktoba 1998, marehemu alikwenda Chemchemi ya Kale na vijikaratasi vya duka la dawa, akapima, akaandika kwa chaki juu ya jiwe la chemchemi: 88. Kiwango halali cha naitreti ni miligramu hamsini kwa lita. Kabla ya saa tano asubuhi namba ilikuwa imefutwa kwa kitambaa chenye maji. Akarudi Jumatatu ya kwanza ya Novemba, akaandika 91, ikafutwa, na hivyo hivyo, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi kwa miaka ishirini na sita, namba mia tatu na kumi na nne, yeye anaandika na ninyi mnafuta, na aliwahi kusema kwamba Fontarnella hakuna jiwe safi kama lile.

Hakupumzishwa kwa maneno. Kwenye duka la mikate alikuwa akiingia mtu anasema, "Sogeeni, Bibi Namba anapita, msije mkapimwa!" na mwingine anadakia, "Mpe mkate uliochemshwa!" na watu wanacheka, naye ananunua mkate wake, anashukuru, anatoka. Mlango wake wa bluu ulipakwa mavi mara mbili, mwaka 2001 na mwaka 2006, na mara zote mbili Blai aliusafisha kabla mkewe hajaamka, akasema ni popo. Pau alipigwa kwenye viwanja vya mpira kwa ajili ya mama yake. Mtu mmoja aliyepo hapa leo alimwambia kanisani, wakati wa kupeana amani, "Sina amani ya kukupa, nina mkopo wa mabanda."

Tarehe 17 Februari 2005 aliomba kusema mbele ya halmashauri ya kijiji, akaleta daftari lake, na meya Ricard, akiwa kijana wakati huo, akamwambia, "Bibi Otilia, maji haya yamemlea babu yangu hadi miaka tisini na mitatu." Naye akamjibu, "Babu yako alikunywa divai, Ricard, maji aliyaogopa kama polisi." Hata madiwani walicheka siku ile, na Jeroni alitazama meza asije akacheka. Kisha wakapiga kura, na kwa kura sita dhidi ya moja wakaamua kwamba chemchemi ibaki wazi na pasiwekwe tangazo, kwa sababu tangazo litawafukuza wageni wa kiangazi na litaiudhi kampuni.

Ndipo akaanza jambo ambalo wengi hapa wanalijua na hakuna anayelitaja. Kila mtoto alipozaliwa Fontarnella, marehemu alikwenda mchana, wakati wa usingizi wa baada ya chakula, akaweka mlangoni pa mzazi katoni mbili za maji ya dukani, bila kubisha hodi, bila barua. Wapo waliozivingirisha chupa mtaani zikashuka hadi uwanjani. Wapo waliozisukuma ndani kwa mguu kama mtu anayemwingiza paka. Watoto arobaini na mmoja, kwa hesabu yake, na hakuna hata mmoja aliyegeuka rangi, na hakuna mama aliyekwenda kumwambia ahsante, isipokuwa mmoja, ambaye hakusema, alimwachia sahani ya konokono wa kuchoma, chakula chetu cha sikukuu, dirishani, na marehemu hakumtaja jina hata kwa mumewe, ili asimtie matatani na wakwe zake.

Wakati huo mlima nao ulikuwa unaugua. Harufu ya mabanda, ile inayochoma macho alfajiri, nayo ni mbolea iliyo hewani, ilikuwa inapanda na kushukia juu ya mawe, na kila tone dogo la mvua liliileta chini, mlima ukawa unalishwa bila kuomba. Magamba ya mawe yalianza kubanduka mwaka 2003. Kati ya vichaka vya zaatari, pale palipokuwa patupu, yakaota majani ya kawaida, ya kijani mwezi Aprili na makavu mwezi Juni, kwa sababu joto lilikuwa linakuja mapema kila mwaka na mvua ikija inakuja yote siku moja. Zaatari ikasongwa. Asali ikawa nyepesi, ya njano, haina jina. Mizinga sitini ikawa arobaini, na mwaka 2012 ikawa ishirini na miwili. Wanaume walimshauri aulime mlima huo, apate nusu hekta ya shayiri, akakataa, akasema, "Mtu akivimbiwa hamumchinji." Wakamwambia ukaidi utamponza.

Jumapili tarehe 19 Juni 2022, siku ya nne ya joto la nyuzi arobaini, cheche ya mashine ya kuvunia shayiri iliwasha shamba la chini, na moto ukapanda. Tangu babu zetu moto ukifika mlima wa zaatari ulikuwa unakufa wenyewe, kwa kukosa daraja kati ya kichaka na kichaka, na kwa sababu hiyo hakuna aliyepeleka tangi la maji upande ule, wote mlikwenda upande wa misonobari. Mlisahau kwamba mlima si ule tena. Yale majani makavu yalikuwa yametandikwa kama mkeka kuanzia chini hadi juu, na moto uliutembea mkeka huo kwa dakika kumi na moja, ukafika mizingani na ukaelekea kwenye mabanda ya Jeroni.

Marehemu alikuwa juu. Alifungua milango ya mizinga yote, kisha, badala ya kushuka kwa njia yake, alikwenda kwenye ukuta wa mabanda akawa anapigapiga majani kwa gunia lenye maji, mwanamke wa miaka sabini na mitatu, hadi Lamine Sané alipomfuata ndani ya moshi, akamwambia, "Mama, tuondoke, nguruwe wana bima, wewe huna," akambeba mgongoni. Mabanda hayakuungua, kwa kuwa upepo uligeuka, familia haidai kwamba ni gunia lile. Mizinga kumi na minne, kati ya kumi na minane iliyokuwa imesalia, iliungua. Na alipotuliwa chini, mbele ya zimamoto, akiwa anakohoa majivu, Jeroni alimpigia kelele, "Majani yako hayo! Mlima wako! Ungelima!" na watu wakapokea neno hilo, na kwa wiki nzima Fontarnella ilisema kwamba Otilia ndiye aliyechoma mlima. Marehemu alijibu mara moja tu, kwa mfuga nyuki mwenzake, "Mimi nilikuwa na mlima wa njaa. Nani aliupelekea chakula?"

Kikohozi hakikuondoka. Tarehe 14 Machi 2023, siku ya kuzaliwa kwake, madaktari wa Lleida walimweleza kwamba mapafu yanakakamaa, kwamba ni kazi ya moshi juu ya umri, na akapewa mashine ya oksijeni yenye mrija mrefu, uliomfikisha jikoni lakini haukumfikisha barabarani. Mwaka huo mvua haikunyesha kabisa, Chemchemi ya Kale ikawa nyembamba kama kidole gumba, na maji yalivyopungua sumu ilikolea, ikapanda 120, ikapanda 147. Kwa kuwa hakuweza kutembea, Lamine alimletea chupa ya maji kila Jumatatu ya kwanza, ameificha kwenye mfuko wa chakula chake, na yeye akaandika namba kwenye karatasi, na Lamine akaiandika kwa chaki. Siku moja Jeroni alimkuta chemchemini, akamuuliza, "Chupa hiyo unaipeleka wapi?" Lamine akasema kweli, "Kwa dada yako, bwana." Jeroni akamwambia, "Mwambie ainywe," lakini hakumfukuza kazi, wala hakumpunguzia siku, na marehemu alipoambiwa alicheka hadi mashine ikapiga kengele, akasema, "Huyo bado ni yule wa chini ya dawati."

Mwezi Agosti mwaka huu, tarehe 30, Neus alijifungua mtoto wa kiume, Biel, na kwa kuwa alikuwa akimuuguza marehemu alihamia naye katika nyumba ya mlango wa bluu. Jumapili tarehe 20 Oktoba, baada ya misa, Jeroni alikuja hapo, kwa mara ya kwanza tangu 1998, amevaa koti lake la sikukuu, amebeba mtungi wa udongo uliojaa, kwa sababu mtoto huyo alikuwa kitukuu wake wa kwanza na baba wa mtoto hana baba. Alisimama jikoni. Marehemu alikuwa kwenye kiti chake, mrija puani.

Akamwambia, "Uweke chini huo mtungi, Jeroni."

"Ni desturi ya baba yetu."

"Baba yetu hakuwa na nguruwe."

"Nimekuja kwa mtoto, sikuja kwako."

"Basi kwa ajili ya mtoto, nipe kikombe."

Alitia kijikaratasi kwenye kikombe, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, na wote walingoja ile dakika moja, na kikageuka zambarau kama divai changa, rangi ambayo kwenye kipimo kilichochapwa kwenye kiboksi cha vijikaratasi haina namba, maana namba zinaishia kabla yake. Jeroni alikitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Karatasi hizo ndizo zilizoninyang'anya dada." Marehemu akamwonyesha kiti, akasema, "Dada yako yuko hapa. Kaa." Hakukaa. Akasema, "Tukiifunga chemchemi, kesho wataifuata samadi, keshokutwa mabanda, na familia kumi na tisa zitakula nini, asali yako?" Naye akamwambia, "Sijui watakula nini, mdogo wangu. Najua watoto wasinywe nini. Jambo moja hilo ndilo ninalolijua, na wewe sasa umeliona kwa macho yako."

Jeroni aliuchukua mtungi wake akatoka, na Neus, aliyekuwa dirishani na mtoto begani, alimwona babu yake anafika kwenye kona ya ukuta, anatazama huku na huku, anamwaga maji yote kwenye mtaro, tone la mwisho analikung'uta, kisha anakwenda zake na mtungi mtupu. Alipomweleza marehemu, alifumba macho akasema, "Basi amekubali," na usiku huo alilala bila kukohoa.

Siku zilizofuata aliandika, kwa mkono wake, ombi la pili kwa halmashauri, mistari minane, akiomba chemchemi ifungwe au angalau liwekwe tangazo la kuwaonya wenye watoto wachanga, akaambatisha namba zote mia tatu na kumi na tatu za hadi mwezi huo, na Pau akalipeleka tarehe 28 Oktoba, likapangiwa kikao cha tarehe 7 Novemba. Alikuwa na hakika na kura. Alihesabu vidoleni, mwalimu, mwenye mikate, binti wa daktari wa mifugo, hao watatu walikuwa wamempa neno, na wa nne, alisema, hahitaji kuombwa, amekwisha kupiga kura mtaroni.

Jumanne hali ilibadilika, alikataa gari la wagonjwa, akataka dirisha lifunguliwe ingawa harufu ilikuwa inaingia. Alifariki Jumatano tarehe 6 Novemba 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Blai amemshika mkono, akiwa na miaka sabini na mitano, miezi saba na siku ishirini na tatu. Ameacha mume, mtoto mmoja, mdogo mmoja, na mizinga minane.

Familia inamshukuru yule daktari wa mwaka 1998, ambaye hatukupata jina lake, kwa mkono aliomwekea begani mwanamke aliyekuwa amekosea, na madaktari na wauguzi wa mapafu, ambao walimwita Bi Otilia na hawakumwita kitanda namba tano. Inawashukuru wafuga nyuki wenzake wanne, waliomletea kila mmoja mzinga baada ya moto, hata walio na michache. Inamshukuru Lamine Sané kwa mgongo wake na kwa chupa zake. Inamshukuru Filomena, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuruhusiwa kuingia nyumba ya mlango wa bluu, na kila Krismasi alisahau makusudi mfuko wa lozi za sukari kwenye benchi la kanisa, upande anaokaa wifi yake. Inawashukuru majirani wa Mtaa wa Juu, walioleta viti jana bila kuombwa, wakaviweka nje ya mlango na kuondoka, tumevipokea. Na inawasamehe waliofuta, kwa kuwa marehemu aliwasamehe, lakini haijasahau, kwa kuwa hakutuambia tusahau.

Otilia, bibi, uliyekosea mara moja na kulipa maisha yako yote, lala sasa mahali ambapo hewa ni ya bure, upumzike kwa amani.

Halmashauri ilikaa jana, Alhamisi, saa moja jioni, mwili ukiwa bado nyumbani. Kura tatu zilitaka Chemchemi ya Kale ifungwe, kura nne zilitaka ibaki wazi, bila tangazo. Jeroni Sabaté alikuwa wa nne kunyoosha mkono.